Acha Samaki, Usiache Ndugu: Mwongozo kwa Asiyekula Nyama Kanda ya Ziwa

Mwanza ni mji wa samaki. Alfajiri pale Mwaloni, Kirumba, dagaa hushushwa kwa magunia. Jioni sato hukaangwa kando ya barabara. Na viwanda vya minofu ya sangara vimelisha na kusomesha familia nyingi tangu miaka ya 1990. Ukitoka mjini kuelekea Magu, Kwimba au Misungwi, heshima ya kaya bado huhesabiwa zizini. Kijana wa huku akisema, "Mimi siku hizi sili nyama, samaki, mayai wala maziwa," kwa kauli moja amegusa zizi la babu, mtumbwi wa mjomba na chungu cha mama. Lawama zikimfuata, asishangae.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekwisha kuamua kula vyakula vya mimea tu, iwe kwa imani, kwa afya au kwa huruma kwa wanyama, na sasa kila ukienda nyumbani unawekewa kikao. Unaweza kuacha samaki bila kuacha ndugu. Ila kazi hiyo hufanyika zaidi jikoni na kwa adabu kuliko kwa mabishano.

Isikilize hofu iliyo ndani ya lawama

Maneno ya ndugu huwa mengi, lakini mara nyingi yanatokana na hofu tatu.

Ya kwanza ni afya. Mama yako alipokupeleka kliniki ukiwa mdogo, aliambiwa akupe yai, dagaa na maziwa ili usipate utapiamlo. Alihangaika kuvipata. Leo unaposukuma pembeni kile alichojinyima ili ule wewe, anaogopa kwamba unarudi kule alikokutoa. Ushauri aliopewa ulikuwa sahihi, na alifanya vizuri kuufuata. Mwambie hivyo kwa mdomo wako.

Ya pili ni dharau. Kama ada yako ya shule ilitoka kwenye dagaa walioanikwa Ukerewe, au ng'ombe aliuzwa mnadani ili uende chuo, baba anaweza kusikia katika kukataa kwako kwamba kazi yake ilikuwa ya aibu.

Ya tatu ni kupotea. Wazee wanajiuliza kama umeingizwa kwenye kikundi, kama kesho utakataa kuja msibani, kama utaoa au kuolewa, na kama wajukuu watajua kwao.

Kabla ya kujitetea, uliza: "Mama, kinachokusumbua zaidi ni nini?" Ukijua hofu ni ipi, utaijibu hiyo. Aliyeumizwa na dharau hatulizwi kwa hesabu za protini.

Sema mapema, na useme kwa anayepika

Kosa kubwa ni kutangaza msimamo wako sahani ikiwa imeshawekwa mbele yako. Huku kwetu kuku wa mgeni ni heshima. Akishachinjwa kwa ajili yako, kumkataa ni kumwaibisha mwenyeji mbele ya watu wake. Piga simu siku chache kabla, na uongee na mwenye jiko: mama, bibi, shangazi au mke wa kaka. Salimu kwanza kama inavyopasa, halafu sema kwa ufupi. Kwa mfano, ukianza na salamu ya Kisukuma:

"Mwadila mayu. Jumamosi nakuja kuwaona. Siku hizi sili nyama wala samaki, mayai na maziwa nayo nimeacha, kwa hiyo usihangaike na kuku. Ila mboga yako ya nsansa nimeikumbuka sana. Karanga nitakuja nazo mimi."

Ndani ya maneno hayo umeeleza usichokula, umemwondolea gharama, umesifu mkono wake na umejitolea kitu. Hujamwachia swali la "sasa tumpikie nini huyu?", ambalo ndilo mara nyingi huanzisha manung'uniko yote.

Chagua pia sababu moja ya kweli na ubaki nayo. Ukisema leo ni presha, kesho ni imani, keshokutwa ni mazingira, wazee wataona unatafuta pa kujificha. Sentensi moja inatosha: "Dhamiri yangu haitulii nikila mnyama, na mwili wangu uko salama." Usipoulizwa zaidi, usiongeze.

Maneno utakayoambiwa, na namna ya kuyajibu

*"Mwacha mila ni mtumwa."* Hili ni neno zito, nalo lijibiwe kwa heshima. Mkumbushe mzee kwamba kujizuia chakula ni jambo la zamani katika nchi za ziwa hili. Kwa Wahaya kila ukoo una muziro wake, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali, na hakuna aliyewaita watumwa. Mkumbushe pia kwamba chakula cha ziwa kimebadilika katika umri wa wazee walio hai. Sangara, anayetambulisha Mwanza duniani, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kutapakaa kwa wingi miaka ya 1980. Ugali wa mtama na uwele uliolea vizazi vingi umepisha sembe. Na mila ya Usukuma ina mengi yasiyo na nyama: michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), mlenda, kunde, choroko, njugu mawe. Sema, "Babu, hivyo vyote bado nakula, tena kuliko watoto wa mjini wanaokula chipsi." Utakuwa umesema kweli.

*"Utapata wapi nguvu?"* Hapa hesabu ni halali. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji takribani gramu 48 za protini kwa siku. Vikombe viwili vya maharage yaliyoiva vinatoa kama gramu 30. Konzi kubwa ya karanga inaongeza saba au nane. Kinachobaki kinapatikana kwenye ugali, wali, uji na mboga. Aidha, kwa miaka mingi elimu ya lishe nchini ilifundisha makundi matano ya vyakula, na katika makundi hayo jamii ya kunde na vyakula vya wanyama viliwekwa kundi moja. Shangazi aliyehudhuria kliniki amewahi kuiona picha hiyo ukutani. Mkumbushe.

*"Umeingia dini gani?"* Kama ni imani, sema wazi. Waadventista Wasabato, waliofika nchini mwaka 1903 kupitia Upare na leo wana waumini wengi Mwanza na Mara, wamefundisha kanuni za afya kwa vizazi. Wengi wao hula sato na nyama ya ng'ombe huku wakiacha nguruwe na samaki wasio na magamba kama kambale, na wapo walioacha nyama kabisa. Familia nyingi za Mwanza zina Msabato mmoja au jirani Mhindi asiyekula nyama, na wanaishi naye vizuri. Waethiopia wa Kanisa la Othodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai kwa siku zaidi ya 180 katika mwaka. Kama si imani, sema vilevile: "Kanisa langu ni lile lile, msikiti wangu ni ule ule. Nimebadilisha sahani tu."

*"Huo ni Uzungu."* Usikane lililo kweli. Chama cha kwanza cha watu wasiotumia kabisa mazao ya wanyama kilianzishwa Uingereza mwaka 1944. Lakini ugali wa muhogo na mlenda haukutoka Uingereza. Ukila vya kwenu, hoja hii inakufa yenyewe. Ukijaza jiko maziwa ya soya ya boksi na soseji za bandia za supamaketi, unaipa uhai, na mfuko wako unaumia.

*"Kwa hiyo sisi tunaovua na kufuga ni wauaji?"* Usijibu swali hili kwa ndiyo wala kwa ufafanuzi mrefu. Jibu kwa shukrani: "Baba, kazi yako ndiyo imenifikisha hapa na sitaionea aibu. Nimeamua juu ya mdomo wangu mimi, sijaamua juu ya mtumbwi wako." Kama una dukuduku juu ya uvuvi au ufugaji, lina wakati na mahali pake. Wakati huo si wa chakula, na mahali hapo si mbele ya wageni wa baba.

*"Onja tu, ni mchuzi, nyama nimeitoa."* Kataa ukiwa umeshika sahani. Mtu anayekataa huku anaongeza chakula kingine huwa hajakataa ukarimu. "Asante, wabeja. Niongezee hizo kunde." Usionje kwa haya. Ukionja mara moja, maneno yako yote ya nyuma yatahesabiwa kuwa maringo, na utaombwa kuonja kila mara.

*Utani wa babu au wa mashemeji.* Huo si lawama, usiujibu kwa hotuba. Babu akisema umekuwa mbuzi, mwambie mbuzi ndiye hachoki kupanda mwamba wa Bismarck. Cheka naye, yaishe.

Pika, wale, ndipo waseme

Hakuna jibu linalozidi chungu kilichoiva. Ukifika nyumbani, ingia jikoni siku ya kwanza, usisubiri kuhudumiwa. Mwanaume naye aingie. Pika chakula wanachokijua, ukipike vizuri kuliko kawaida, na upike cha kutosha wote.

Anza na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa. Yaoshe kwa maji ya moto mara mbili kuondoa mchanga, uyaloweke mpaka yalegee, kisha uyachemshe taratibu yaive. Magadi yakiwa ya lazima, tia kidogo sana, kwa sababu yanaharibu vitamini. Huku majani yanaiva, kaanga karanga kwa moto mdogo mpaka zitoe harufu na maganda yachubuke kwa vidole. Pepeta, twanga, chekecha, rudisha chenga kwenye kinu utwange tena. Koroga unga huo na maji ya uvuguvugu uwe kama uji mwepesi, umimine juu ya majani pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi. Hapo usiondoke. Karanga hushika chini upesi na kufurika upesi, kwa hiyo punguza moto na koroga mpaka mchuzi uwe mzito na mafuta yaanze kuelea juu. Ukiona mafuta hayo, epua. Uambatanishe na ugali wa mtama au wa muhogo ungali moto.

Siku nyingine pika michembe uirojeshe kwa karanga, au makande, au dengu za Kwimba kwa wali. Bibi akiomba kuongezewa, usiseme "mnaona?" Mwongezee tu. Ushindi unaotangazwa mezani hugeuka kuwa ugomvi mpya.

Kumbuka pia kwamba mboga nyingi za huku zina vitu visivyoonekana: samli kwenye mlenda, dagaa waliosagwa kwenye mchicha, maziwa kwenye maharage au kwenye unga wa chapati. Kwa mama lishe uliza kabla ya kupakuliwa: "Maharage yameungwa na nini?" Nyumbani, omba mboga yako ichotwe kabla ya kutiwa dagaa. Ni ombi jepesi kuliko kuomba sufuria yako peke yako.

Harusini na msibani

Msibani mara nyingi kuna maharage na ugali au wali, na hapo huna shida. Kama siku ya kuondoa msiba amechinjwa ng'ombe, kula maharage kimya kimya. Msiba hauhusu sahani yako. Shika jembe, beba maji, osha sufuria, hata zile za nyama. Watu watakaokumbuka kwamba ulikesha nao hawatakuwa na haja ya kukumbuka ulikula nini.

Harusini tatizo ni pilau, ambayo karibu siku zote imepikwa na nyama. Kula kitu kabla ya kwenda, au ongea mapema na aliye kwenye kamati ya chakula akuwekee wali mweupe, maharage na kachumbari. Mchango wako usipungue hata shilingi moja kwa kisingizio kwamba huli. Mchango ni wa undugu.

Suala la mahari ya ng'ombe lina wakati wake. Kama linakugusa, lizungumze na wazee wa pande zote mbili mapema, ukiwa na mshenga mwenye busara. Usilichanganye na maneno ya mezani.

Afya yako ndiyo hoja yako kubwa

Ukikonda na kuanza kuumwaumwa, hakuna maneno yatakayokuokoa. Tena hapa ndugu zako wana haki ya kuuliza, kwa sababu ulaji wa mimea tu una pengo moja ambalo halizibwi na mboga yoyote: vitamini B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, nayo haipatikani ya kutegemewa kwenye mimea. Mwili una akiba inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo mtu hujisikia mzima kwa muda mrefu, kisha huja uchovu, ganzi mikononi na miguuni, na kusahau. Meza vidonge vya B12, au ongea na daktari juu ya sindano. Hili halina mjadala.

Mengine yanapatikana sokoni. Madini ya chuma yako kwenye maharage, choroko, ufuta na mboga za kijani, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi ukila pamoja na chungwa, embe, ndimu au ubuyu. Chai ya majani inayonywewa pamoja na chakula huyazuia, kwa hiyo isogeze saa moja au mbili mbele. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake. Kwa kalsiamu, uji wa ulezi ni bora kuliko nafaka nyingine, na ufuta unaongeza. Chumvi iwe yenye madini joto.

Pima wingi wa damu angalau mara moja kwa mwaka, kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mwanaume, chini ya 13. Damu ikipungua, ndugu watasema ni mboga. Huenda ni kweli, lakini ukanda wa ziwa una malaria, minyoo na kichocho, na vyote vinapunguza damu ya mla nyama na asiyekula nyama sawasawa. Omba upimwe vyote kabla hamjalaumiana. Majibu yakiwa mazuri, mwonyeshe mama karatasi yenyewe. Karatasi ya hospitali ina uzito nyumbani kuliko maelezo yako.

Mwenzi, ujauzito na watoto

Mdomo wako ni wako. Wa mwenzi wako si wako. Kama mlioana mkiwa mnakula wote samaki, hukuoa au kuolewa kwa mkataba wa mboga. Kubalianeni jiko likae vipi: labda mboga ya mimea iwe ya wote kila siku, na anayetaka sato amtie kwenye sufuria nyingine. Usimpe mkwe sababu ya kusema umemnyima mwanawe chakula.

Mama mjamzito au anayenyonyesha anayekula mimea tu aonane na mtoa huduma wa kliniki mapema na asikose B12, kwa sababu mtoto anategemea ya kwake. Mtoto mdogo hana akiba ya mtu mzima, na madhara ya kukosa B12 kwenye ubongo wake yanaweza yasirudi nyuma. Kwa hiyo nasema waziwazi: kama huwezi kuhakikisha mtoto anapata B12 bila kukosa, na kama hujakaa na afisa lishe mkapanga chakula chake, usimnyime yai wala dagaa. Bibi akilalamika juu ya hili, bibi ana hoja. Hapo ni wewe wa kumsikiliza.

Lawama ikizidi mpaka

Wapo watakaotia supu kwenye mboga yako kwa siri ili "wakuponye", au watakaokusema mbele ya watu kila mkikutana. Usilipize mezani. Mwite mhusika pembeni, umwambie kwa sauti ya kawaida: "Shangazi, kunitania sijali. Kunilisha nisichokula bila kunijulisha kumeniumiza. Naomba isirudiwe." Akirudia, mtumie mkubwa anayeheshimiwa na pande zote mbili, kama mnavyofanya kwa mambo mengine ya ukoo. Kwa muda fulani unaweza kuja na chakula chako, lakini endelea kuja.

Maana hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Wanachoka na maneno, wanaacha kwenda nyumbani Krismasi au Idi, wanaanza kula na marafiki wanaokubaliana nao tu. Ndugu nao wanabaki na uthibitisho wa kile walichokiogopa tangu mwanzo, kwamba chakula kimemtenga mtoto wao. Usiwape uthibitisho huo. Likizo ijayo panda gari, ukiwa na karanga mkononi na vidonge vyako mfukoni. Salimia kwa kupiga magoti kama ulivyofundishwa, ingia jikoni, ule na watu wako.